Juu ya Kuarifu Uharibifu wa Barabara za Mji Wetu
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Tumeagizwa na Halmashauri ya Chama kusema mbele yenu juu ya barabara za mji wetu, na hasa juu ya njia impasayo raia kuifuata aonapo shimo, ufa, au mtaro ulioziba. Huenda jambo hili likaonekana dogo likiwekwa kando ya mengine yaliyomo katika taarifa ya mwaka huu, kama karo za mayatima na gharama za mazishi. Lakini Halmashauri imelitia katika shughuli za leo kwa sababu maalumu. Kabla ya kufunga mkutano huu mtaulizwa kama fedha za sanduku la Chama zitolewe kununua changarawe ya kujazia mashimo, au zibaki kwa kazi zilizochangiwa. Yafaa basi, kabla ya kuinua mikono, tujue barabara huharibikaje, ni mali ya nani, na yule apaswaye kuitengeneza huarifiwa kwa njia gani.

Mashauri yaliyotufikia ni mawili. Vijana wetu, na hasa wale wa boda boda, wasema kwamba wamengoja vya kutosha. Afadhali Chama kinunue malori machache ya changarawe, watu wajitolee siku moja kwa majembe na makoleo, kazi iishe. Wazee kadhaa wamejibu kwa uchungu. Wamekumbusha ya kuwa sheria ya mwaka 1912 iliwapa machifu uwezo wa kuwaita watu kulima njia bila ujira, na kwamba wazazi wao walizichimba barabara kwa jembe la mkono, hali wenyewe hawakuwa na gari wala baiskeli ya kupitia juu yake. Wazee hao wauliza: je, sasa tukiwa raia huru wenye kulipa ushuru, twende tena kulima njia bure?

Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili zina haki, wala hazipingani kama inavyodhaniwa. Kijana ana haki ya kutaka njia iliyo salama leo. Mzee ana haki ya kutaka fedha alizokwisha kutoa zifanye kazi iliyokusudiwa. Twaamini kwamba haja za wote wawili zaweza kutimizwa kwa njia moja, nayo ni kuarifu kwa maandishi, kwa utaratibu, na bila kuchoka.

Tuanze na shimo lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba shimo huletwa na magari peke yake. Magari yana sehemu yao, lakini adui wa kwanza wa barabara ni maji. Lami ni mfano wa paa la nyumba. Pamoja na kubeba magurudumu, kazi yake ni kuzuia maji yasifike chini. Chini yake kuna tabaka za kokoto na udongo ulioshindiliwa, na nguvu nyingi za barabara zimo humo. Lami ikipata ufa, maji hupenya. Tabaka za chini zikilowa hulegea, na kila gurudumu lipitapo huyakamua maji pamoja na udongo mwembamba, yakatoka kwa ufa ule ule. Hubaki uwazi chini, na siku moja lami hubonyea ikavunjika. Hapo ndipo tuonapo shimo, lakini ugonjwa ulianza miezi mingi kabla. Ndiyo sababu mashimo huzaliwa kwa wingi wakati wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, na tena wakati wa mvua fupi, Oktoba hadi Desemba. Nyote mwakumbuka jinsi mvua za mwaka 2024 zilivyovunja barabara na madaraja katika sehemu nyingi za Kenya.

Mtaro ulioziba nao ni sehemu ya shimo. Maji yakikosa njia ya kwenda hukaa kando ya barabara, yakalainisha kingo zake, na lami ikaanza kumong'onyoka kutoka pembeni kuja katikati. Mtu akiona barabara yetu moja inazidi kuwa nyembamba mwaka hata mwaka, asitafute sababu mbali. Na atazame mtaro.

Juu ya uzito wa magari kuna jambo linalofaa kujulikana. Kati ya 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walifanya majaribio makubwa karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois. Walijenga barabara za kujaribia tu, wakapitisha juu yake malori yenye mizigo mbalimbali kwa muda wa miaka miwili. Walichojifunza ni kwamba ekseli ikibebeshwa mzigo mara mbili, madhara yake kwa barabara hayaongezeki mara mbili, bali karibu mara 16. Hii ndiyo sababu nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeweka kiwango cha tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu pacha, na tani 56 kwa gari zima lililo kubwa kuliko yote. Mizani ya kupimia malori iko Mariakani, Mlolongo, Gilgil, Webuye na Busia. Lakini lori la mchanga au trela la miwa likatizalo mitaa yetu usiku halipiti mbele ya mizani hizo. Kwa hiyo anayeandika kwamba magari mazito yamefanya njia juu ya kalvati dhaifu naye ameleta taarifa ya barabara, hata kama shimo halijatokea bado.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa barabara neno hili ni kweli kwa maana yake ya wazi. Ufa huzibwa kwa lami kidogo. Shimo hutaka kukatwa kingo, kusafishwa, kujazwa, kushindiliwa na kufunikwa. Barabara iliyoachwa hata ikajaa nyufa zinazofanana na ngozi ya mamba hutaka kuchimbwa na kujengwa upya. Basi raia asingoje hata shimo limmeze mtu. Akiona ngozi ya mamba, na aandike.

Na hapa tuseme waziwazi juu ya changarawe. Changarawe ikimwagwa tu katika shimo la lami, bila kukata kingo, bila kushindilia, na bila kufunika, hunywa maji, na mvua kubwa ya kwanza huizoa. Matope yake huteremka katika mtaro na kuuziba. Baada ya majuma machache shimo hurudi, na safari hii mtaro nao ni mgonjwa. Fedha zetu zingekuwa zimenunua siku chache za raha na mwaka mzima wa madhara.

Sasa twaja kwa swali la pili: barabara ni ya nani? Katika mji mdogo kama huu, mtu akitembea kwa muda wa dakika kumi aweza kukanyaga barabara za wenyewe watatu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu za taifa: ya barabara kuu, iitwayo kwa kifupi KeNHA, ya barabara za mijini, KURA, na ya barabara za mashambani, KeRRA. Kisha Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ikaiachia Serikali ya Taifa barabara kuu za nchi, na kuzipa serikali za kaunti barabara za kaunti pamoja na taa za mitaani. Mwaka 2016 orodha mpya ya madaraja ya barabara ilitolewa katika Gazeti la Serikali, na mabishano juu ya barabara gani ni ya taifa na ipi ni ya kaunti yakaendelea baada ya hapo. Ndiyo sababu raia aendaye na malalamiko aghalabu hujibiwa, "Hiyo si yetu." Mara nyingine ajibuye hivyo asema kweli. Lakini shimo halijali mabishano hayo, na mguu wa mtu haungoji yaishe.

Juu ya fedha, mzee aliyesema kwamba tumekwisha kulipa alisema kweli tupu. Ushuru wa kutunza barabara ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, nao hutozwa katika kila lita ya petroli na dizeli. Bodi ya Barabara ya Kenya iliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ili kuusimamia. Mwezi wa Julai 2024 ushuru huo uliongezwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita. Tufanye hesabu ndogo. Kijana wa boda boda atiaye lita 3 kwa siku hulipa shilingi 75 kila siku kwa ajili ya barabara. Akifanya kazi siku 300 katika mwaka, amelipa shilingi 22,500. Mama auzaye nyanya asiye na pikipiki naye hulipa, kwa kuwa ushuru umo katika nauli ya matatu na katika bei ya kila kitu kiletwacho kwa lori. Basi mtu aendaye ofisini kuarifu juu ya shimo haendi kuomba sadaka. Aenda kuulizia kazi ambayo amekwisha kuilipia.

Baadhi yenu mwaukumbuka mpango wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974. Barabara zilijengwa kwa mikono ya wenyeji waliolipwa ujira, na baadaye utunzaji wa kila kipande ukapewa mtu mmoja akaaye karibu. Kazi yake ilikuwa kufyeka majani, kuzibua mitaro na kufukia mabonde madogo yangali madogo. Katika siku zile taarifa haikuwa na shida, maana mtu aliyeitunza njia alilala kando yake. Siku hizi mhandisi ana kilomita nyingi na wasaidizi wachache. Aweza kupita katika gari mara moja kwa msimu, tena wakati wa kiangazi. Macho ya kila siku ni yetu sisi tupitao kwa miguu.

Lakini macho hayatoshi. Mwajua sana shimo lililokuwa katika njia ya zahanati. Lilitajwa katika baraza mara tatu. Lilizungumzwa sokoni, kanisani, msikitini, na katika kila matatu iliyopita hapo. Kila mtu alidhani kwamba mwenzake amekwisha kupeleka habari. Jioni moja ya mvua, maji yakiwa yamelijaza hata likaonekana kama dimbwi la kawaida, mwana wa mwanachama mwenzetu aliangukia humo na pikipiki yake akavunjika mguu. Pikipiki ilikuwa ya mkopo. Alipokosa kulipa kwa miezi miwili ilichukuliwa, na leo kijana huyo hana kazi. Wajumbe wa Halmashauri walipokwenda katika ofisi inayohusika, karani alifungua faili mbele yao. Hamkuwa na barua hata moja juu ya njia ile. Hatusemi kwamba barua ingetengeneza njia kwa siku moja. Twasema kwamba ofisi ilipata nafasi ya kusema haikujua, na hapakuwa na karatasi ya kuikanusha.

Wahenga walisema tena: mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vya ustawi vya nchi hii vililifahamu jambo hili tangu zamani. Chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo, kilichoundwa mwaka 1923 chini ya uongozi wa Archdeacon Owen, kilijulikana kwa hati zake za maombi kwa serikali. Wanachama wake hawakuwa na kura wala mjumbe wa kabila lao katika Baraza la Kutunga Sheria, lakini walikuwa na kalamu. Sisi tuna kura, tuna wajumbe, tena tuna sheria inayoilazimisha ofisi kujibu. Ingekuwa aibu tuwe na maneno mengi kuliko wao na karatasi chache kuliko zao.

Tutoe na mfano wa mbali, kwa kuwa unaeleza sababu ya kuandika kwa uangalifu. Mwaka 1979 mji wa New York uliweka sheria kwamba mtu aliyeumizwa na shimo hawezi kuushtaki mji isipokuwa mji ulikuwa umearifiwa kwa maandishi juu ya shimo lile kabla ya ajali. Mawakili hawakukaa wakilalamika. Mwaka 1982 waliunda shirika la kutembea njia zote, kuchora ramani za mashimo na nyufa, na kuzipeleka kwa serikali ya mji, ili isiweze kusema tena kwamba haikuarifiwa. Lakini mwaka 2008 mahakama kuu kuliko zote katika jimbo lile iliamua kwamba alama katika ramani isiyoonyesha waziwazi kasoro iliyomwangusha mtu haihesabiwi kuwa taarifa. Sheria ile si yetu, lakini funzo lake latufaa. Taarifa isiyoandikwa haipo, na taarifa iliyoandikwa ovyo inakaribia kutokuwapo.

Basi taarifa njema huandikwaje? Asiseme mtu, "Barabara zetu ni mbovu sana, twaomba msaada." Barua kama hiyo haina mahali pa kumpeleka fundi. Aseme ni njia gani, akianzia mahali pasipohama, kama lango la shule au daraja, na kuhesabu hatua kutoka hapo. Aseme upande. Apime urefu na upana. Kwa kina, alaze fimbo iliyonyoka juu ya shimo kutoka ukingo hadi ukingo, kisha apime kwa rula kutoka fimbo hadi chini. Apime shimo lisipokuwa na maji, na magari yasipopita, akiwa na mwenzake wa kuangalia njia. Picha ya simu yafaa sana, ikiwa pameweka koleo au kofia kando ya shimo ili ukubwa uonekane. Lakini picha iliyotumwa kwa simu tu hupotea katikati ya nyingine. Ichapwe na kufungwa pamoja na barua.

Tumeandika mfano ufuatao ili kila mwanachama auige:

"Kwa Mhandisi wa Barabara. Twakuarifu kwamba katika njia itokayo kituo cha matatu kwenda zahanati, hatua 60 kupita lango la shule ya msingi, upande wa kushoto, kuna shimo lenye urefu wa sentimeta 140, upana wa sentimeta 90, na kina cha sentimeta 17. Limepimwa leo asubuhi. Mtaro ulio kando yake umeziba kwa urefu wa mita 12, na maji husimama hapo baada ya kila mvua. Watoto wa shule na wagonjwa hupita hapo kila siku. Twaomba utujibu kwa maandishi maswali mawili: kwanza, barabara hii imo katika mamlaka ya ofisi gani, pili, kazi gani imepangwa kufanywa hapo, na lini."

Tarehe, jina na sahihi ya mwandishi zisisahauliwe. Ziandikwe nakala mbili. Moja ibaki ofisini, na ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na kurudi nayo nyumbani. Nakala isiyo na muhuri ni sawa na risiti isiyo na sahihi.

Huenda mkauliza kwa nini tumeyaweka maswali yale mawili mwishoni. Sababu ni hii. Kifungu cha 35 cha Katiba champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yaonyesha namna ya kuitumia haki hiyo. Ofisi yatakiwa kutoa uamuzi juu ya ombi la habari kwa muda usiozidi siku 21. Kama habari zenyewe zahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Kama ombi limefika kwa ofisi isiyohusika, ofisi hiyo yaweza kulipeleka kwa ile inayohusika kwa muda usiozidi siku tano. Kwa hiyo neno "si yetu" halitoshi kuwa jibu. Aliyepokea ana njia ya kulifikisha kwa mwenyewe. Tena sheria yaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, wala ofisi haina ruhusa ya kutoza ada kwa kulipokea, ila gharama ya kutoa nakala. Mzee asiyejua kuandika naye hakusahauliwa. Aweza kusema kwa mdomo, na ofisa atamwandikia.

Siku 21 zikipita pasipo jibu, tuna mlango mwingine, nao ni Tume ya Haki ya Utawala, ambayo imepewa kazi ya kupokea malalamiko juu ya ofisi zinazonyima raia habari. Kadhalika Katiba, katika kifungu cha 37, yatupa haki ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yaturuhusu kupeleka ombi mbele ya Bunge la Kaunti. Lakini milango hiyo yote humwuliza agongaye swali moja: barua yako ya kwanza iko wapi, na ilipokelewa lini?

Tena kuna wakati wa kupeleka taarifa. Shimo la hatari liarifiwe siku ile ile. Lakini kazi kubwa, kama kalvati mpya au kuweka lami upya, hutaka fedha za bajeti, na bajeti ina kalenda yake. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa kaunti kwa mwaka ujao hupelekwa mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mkakati wa fedha hufuata kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Mtu apelekaye ombi la kalvati mwezi wa Juni hukuta sahani zimekwisha kuoshwa. Orodha yetu ya kazi kubwa na ifike ofisini mwezi wa Julai, na wajumbe wetu wawe katika mikutano ya umma ya bajeti wakiwa na nakala mkononi.

Ndugu wanachama, kuandika hakutuondolei kazi iliyo yetu wenyewe. Wako wenye maduka wafagiao takataka na kuzisukuma mtaroni. Wako wajengao ngazi ya saruji juu ya mtaro bila kuacha njia ya maji. Wako wakatao lami usiku kupitisha bomba la maji nyumbani kwao, kisha wakafukia kwa udongo. Na kila mkato wa namna hiyo ni shimo la mvua ijayo. Hatuwezi kumlaumu mhandisi kwa mtaro uliojazwa na majirani zetu. Hapa ndipo nguvu za vijana wetu zinapohitajika, na hapa wazee nao hawana kinyongo. Maana kuzibua mtaro ulio mbele ya mlango wako si kulima njia kwa shuruti. Na penye shimo la hatari pawekwe alama ya kuonya, kama tawi refu lenye kitambaa cheupe, wala pasiwekwe jiwe, kwa sababu jiwe usiku ni hatari nyingine.

Kwa hayo yote Halmashauri yaleta mbele yenu maazimio manne.

La kwanza, Chama kiwe na Daftari la Barabara litakalotunzwa na karani. Kila taarifa iandikwe humo: mahali, vipimo, tarehe ya kupelekwa, ofisi iliyopokea, jibu lililopatikana, na tarehe ya kutengenezwa.

La pili, kila mtaa uchague watu wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, watakaotembea njia za mtaa wao Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, na tena baada ya kila mvua kubwa. Mzee ajua maji yalikuwa yakipita wapi kabla ya majengo. Kijana ana miguu na simu.

La tatu, fedha za sanduku zisinunue changarawe. Sanduku hili lilichangiwa kwa ajili ya wajane, mayatima na wafiwa. Zitolewe tu fedha za karatasi, nakala, picha na nauli ya mjumbe apelekaye barua.

La nne, Daftari lisomwe mbele ya wanachama kila miezi mitatu. Na pale kazi itakapofanywa vizuri, Chama kiandike barua ya shukrani kwa mhandisi na mafundi wake, kwa maana mtu ashukuruye huaminiwa zaidi alalamikapo.

Kwa vijana wetu twasema: hatuwaombi mngoje tena kama mlivyongoja. Twawaomba kazi ya mwezi huu huu, ambayo yaanza Jumamosi ijayo kwa fimbo, rula na kalamu. Kwa wazee wetu twasema: hakuna atakayewaita kulima njia. Twawaomba sahihi zenu chini ya barua, kwa kuwa jina la mzee lina uzito ofisini kuliko kelele za watu mia barabarani.

Yule kijana aliyevunjika mguu yumo miongoni mwetu leo. Amekubali kuwa mpimaji wa kwanza wa mtaa wake. Shimo lile bado lipo, nalo limepimwa. Barua yake imekwisha kuandikwa na iko mezani mbele ya Mwenyekiti, yangoja sahihi zenu kabla hamjaondoka.

Mheshimiwa Mwenyekiti, twayaweka maazimio haya mbele ya mkutano.